Kumsaidia Mwenzi Kusafisha Jina Lake Katika Mikopo

(Hotuba ya Mweka Hazina wa kikundi siku ya maadhimisho ya miaka 10, Idodi)



Mwenyekiti amekwisha eleza tulivyoanza, na Katibu amesoma hesabu mpaka senti ya mwisho, kwa hiyo mimi sitarudi huko. Nimepewa mada moja tu. Na mada hii haikutoka kwa viongozi, imetoka kwenu wenyewe, maana mwaka huu peke yake imeulizwa katika vikao visivyopungua vitano. Swali ni hili: mume amekwenda benki kuomba mkopo, amenyimwa, ameambiwa jina lake lina madeni. Mke afanye nini?

Nitatumia mfano wa nyumbani kwangu, kwa sababu ndio ninaoujua vizuri. Baba watoto yupo hapa, amekaa pale benchi la wazee, na ameniruhusu niseme yote isipokuwa bei ya ile redio. (Kicheko)

Mwaka 2023, baada ya kuuza mpunga, mzee wangu alikwenda Iringa mjini kuomba mkopo wa pawatila. Alikuwa amejiandaa. Alikuwa na barua ya mtendaji wa kijiji, kitambulisho cha Taifa, na hati yetu ya hakimiliki ya kimila yenye majina yetu wote wawili. Afisa mikopo akamkaribisha vizuri, akaingiza namba ya NIDA kwenye kompyuta, akanyamaza. Halafu akamwambia: "Mzee, hapa unaonekana una madeni matatu ambayo hayajalipwa. Hatuwezi kuendelea." Alirudi na basi la jioni, chakula hakugusa, na siku mbili nzima hakusema kitu. Mimi nilidhani ameibiwa stendi.

Ndugu zangu, mwanaume akinyimwa mkopo hapendi kusema. Ataona heri useme kalewa ulanzi kuliko useme benki imemkataa. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaambia wake wenzangu ni kwamba mkilipata habari hizi, msizipeleke kisimani. Aibu ikishatoka nje, mwenye deni atajificha, na mtu aliyejificha halipi.

Sasa watu huuliza, benki ilijuaje? Wengine wanasema ni majungu ya kijijini. Hapana. Benki Kuu ya Tanzania inayo kanzidata ya taarifa za mikopo, yaani daftari moja la nchi nzima, na kanuni zake zilitolewa mwaka 2012. Chini ya kanuni hizo kampuni binafsi nazo zilipewa leseni ya kukusanya na kutoa taarifa hizo, miongoni mwao Creditinfo Tanzania. Benki inapokukopesha inaandika: fulani amechukua kiasi hiki, alitakiwa kulipa tarehe hii, amelipa tarehe ile. Mwingine atakayetaka kukukopesha anafungua na kusoma. Ni sawasawa na kitabu chako cha hisa hapa kwetu. Wiki uliyoleta kuna muhuri, wiki ambayo hukuleta pako wazi, na kila mtu anaona. Tofauti ni kwamba kitabu chako unakishika mkononi, na lile daftari kubwa wengi wetu hatujawahi kuliona hata siku moja.

Na si mikopo mikubwa tu inayoandikwa. Tangu mwaka 2014 mikopo ya kwenye simu ilipoingia nchini, M-Pawa ya Vodacom na Timiza ya Airtel zikiwa za mwanzo, mtu anakopa amekaa chini ya mwembe wake bila kuonana na mtu yeyote. Hapana barua, hapana mdhamini. Na kwa kuwa hukuonana na mtu, unaona kama si deni. Shirika la CGAP lilitoa mwaka 2018 matokeo ya kuwahoji wakopaji wa simu hapa Tanzania na Kenya. Kwa upande wetu, zaidi ya nusu ya wakopaji walikuwa wamewahi kuchelewesha marejesho, na karibu theluthi moja walikuwa wameshindwa kabisa kulipa mkopo fulani. Kwa hiyo mume wako si mhalifu wa peke yake. Yupo katika kundi kubwa sana.

Mimi nimelitazama jambo hili kwa macho ya mkulima, na sababu naiona wazi. Mpunga wetu wa Idodi unakaa kitaluni, unapandikizwa, unapaliliwa, unaamiwa ndege, mpaka kuvuna ni miezi minne, mitano. Mkopo wa simu unataka urudi baada ya wiki mbili, au siku 30. Mzee wangu alikopa shilingi 60,000 mwezi wa Februari 2022 ili alipe vibarua wa palizi. Mwezi wa Machi ulipofika mpunga ulikuwa bado unatoa masuke. Angelipa na nini? Mkopo ule ulifaa kwa mwenye duka anayeuza kila siku. Kwa mkulima ulikuwa kama kumvalisha mtoto viatu vya baba yake na kumtuma mbio.

Hilo lilikuwa deni la kwanza, na lilikuwa limefika 83,000 na ushei pamoja na tozo. La pili lilituchekesha. Lilikuwa shilingi 7,400. Ni ile huduma ya kukumalizia muamala salio linapopungua. Aliitumia mara moja akiwa safarini, simu ikapotea, laini akaacha kuitumia, deni likabaki linamsubiri.

La tatu ndilo lililotutoa jasho: shilingi 150,000, na mzee anaapa hajawahi kukopa kiasi hicho. Mnakumbuka ule usajili wa laini kwa alama za vidole, mwisho ukiwa tarehe 20 Januari 2020? Mnakumbuka foleni za NIDA? Mpwa wake, anayeendesha bodaboda mjini, hakuwa na namba ya kitambulisho, na laini yake ilikuwa inakaribia kufungwa. Mjomba akamhurumia, akamwekea kidole. Tangu siku ile laini ya kijana ilikuwa jina la mjomba. Kijana akakopa, akashindwa, na kompyuta ya benki haina habari za mpwa wala mjomba. Inasoma jina lililosajiliwa.

Basi hapo ndipo tulipoanza kufanya kazi. Kwanza tulipiga *106# kwenye simu yake, tukaweka namba ya NIDA, tukaona laini zote zilizosajiliwa kwa jina lake. Zilikuwa nne, yeye alijua mbili. Naomba kila mtu aliye hapa afanye hivyo jioni hii, mke kwa mume, haina gharama kubwa wala haina ujanja. Ukiona laini usiyoijua, nenda ofisi ya mtandao husika na kitambulisho chako uiondoe.

Halafu mzee akaomba taarifa yake ya mikopo. Watu wengi hawajui kwamba mwenye jina ana haki ya kuomba kuona kilichoandikwa juu yake, na ana haki ya kupinga kama kuna kosa. Hiyo ni haki kisheria, siyo fadhila ya karani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inasema mtu ana haki ya kujua taarifa zake zilizohifadhiwa na kuomba zirekebishwe zisipokuwa sahihi. Usiende kulipa kwa kusikia. Upate karatasi, usome nani anadai, kiasi gani, tangu lini. Sisi ilituchukua safari tatu za mjini, na nauli mnaijua.

Hapa sasa nifike kwenye jambo lenyewe lililonisimamisha, na ndugu zangu naomba tusikilizane.

Wote mnajua kilichotokea hapa katika mwaka wetu wa sita. Wiki moja wanachama watatu walijaza fomu za mkopo, wote wakaandika "biashara". Fedha zilitoka kwenye kisanduku asubuhi, na kabla ya jioni zilikuwa zimekwisha ingia kwenye simu za waume zao kulipa madeni. Sitaji mtu, na wote watatu walikwisha rejesha baada ya kuhangaika. Lakini wiki ileile mwenzetu mmoja alipata mtoto mgonjwa wa kupelekwa hospitali Iringa. Mfuko wa jamii ulitoa kiasi chake kilichoandikwa kwenye katiba, basi. Alipoomba mkopo juu yake, mimi na wenzangu watunza funguo tulifungua kufuli zote tatu na ndani mlikuwa na chenji. Mama yule akaenda kwa mkopeshaji wa kausha damu, akaacha rehani cherehani yake. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe. Cherehani haikurudi.

Tangu hapo tuna kanuni: mkopo wa kisanduku ni kwa shughuli ya mwanachama, na fomu inaeleza shughuli yenyewe, siyo neno moja. Akina baba wengine walinuna, wakasema eti tunawafundisha wake kuwa wagumu. Mimi kwa upande wangu nasema kanuni ile inawalinda wao pia, na nitaeleza kwa nini.

Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Ni kweli. Lakini mgonjwa ni yeye. Dawa nikiinywa mimi, yeye haponi. Nikikopa kwenye kisanduku kwa jina langu nikamlipia, deni la simu litafutika, ndiyo, lakini lile daftari kubwa halitaona kwamba mtu huyu amejifunza kulipa kwa wakati. Linaangalia mwendo wake mwezi hadi mwezi. Baada ya mwezi atakopa tena, kwa sababu njia ya kwanza ilikuwa rahisi: mke alilipa. Sasa nyumba ina wadaiwa wawili badala ya mmoja, na jina langu hapa kikundini, ambalo nimelijenga kwa miaka 10 ya kuleta hisa kila Jumatano mvua ikinyesha au jua likiwaka, nalo linaanza kuingia doa. Nyumba yenye jina moja safi bado inaweza kusimama. Majina yote mawili yakichafuka mtakimbilia kwa nani?

Kwa hiyo tulikubaliana nyumbani hivi. Atakayelipa ni yeye, kwa mkono wake, kwa laini yake, kwa jina lake, kutoka kwenye mapato anayoyaona. Kazi yangu ilikuwa mbili. Ya kwanza, kalenda. Tuliitundika nyuma ya mlango wa jikoni, tukazungushia kila tarehe ya marejesho kwa kalamu nyekundu, na siku tatu kabla namkumbusha. Simkumbushi mbele ya watoto wala mbele ya shemeji zake. Namwambia tu, "Baba, Ijumaa ipo karibu," anaelewa. Ya pili, karatasi. Kila ujumbe wa malipo tunaunakili kwenye daftari la shule: tarehe, kiasi, namba ya muamala. Simu inapotea, ujumbe unafutika, daftari linabaki.

Tulianza na ile 7,400, ikaisha siku ileile. Wengine watasema tungeanza na kubwa. Mimi naona tulifanya vizuri, kwa sababu mtu aliyevunjika moyo anahitaji kuona jambo moja limekwisha. Ile 83,000 akailipa kwa awamu, baada ya kuwapigia simu na kuwaomba wampangie. Wengi hawajui kwamba mdai anaweza kukubali awamu ukimwendea mwenyewe kabla hajakufuata.

Mwezi wa Machi 2024 alipungukiwa 40,000. Niliuza kuku wangu sita, nikampa. Nikamwambia wazi kwamba ni zawadi, sidai. Akina mama, hili mlitazame kwa makini. Ukimpa mumeo, mpe. Ukimkopesha, mkopeshe na muandikiane. Kinacholeta ugomvi ni ile ya katikati, umempa kwa mdomo wa zawadi na moyoni unahesabu riba.

La mpwa tulilipeleka kikao cha ukoo. Kijana hakukataa. Lakini deni ni la jina la mjomba, na benki haitasubiri ukoo umalize maneno. Tulikubaliana kijana alete fedha kila Jumamosi jioni, na mjomba ndiye alipe. Wiki mbili hakuleta; mzee akampanda basi akamfuata kijiweni kwake. Iliisha mwezi wa Agosti. Na ile laini iliondolewa kwenye jina lake, kijana sasa ana namba yake ya NIDA.

Mkidhani hapo ndipo mwisho, mmekosea kama tulivyokosea sisi. Tulipolipa lote, mzee akaenda mjini akiwa amevaa koti, na afisa mikopo akamwambia deni moja bado linaonekana. Mkopeshaji mmoja, ambaye sitamtaja, alikuwa amepokea fedha na hakupeleka taarifa. Ikabidi tuombe barua ya uthibitisho kwamba deni limelipwa lote, tupeleke nakala, na tusubiri zaidi ya miezi miwili. Kwa hiyo kila deni linapokwisha, omba barua. Usitosheke na "asante mteja". Mkopeshaji akikuzungusha, peleka malalamiko yako kwake kwa maandishi ubaki na nakala, na akiendelea kukaa kimya Benki Kuu inapokea malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha.

Tena kulipa hakufuti historia. Inaonyesha alikopa, alichelewa, alilipa. Ile "alichelewa" inakaa pale kwa miaka. Kinachoweza kuifunika ni mambo mapya mazuri yanayoandikwa juu yake. Basi akafungua akaunti, na fedha zote za mpunga zikawa zinapita mle badala ya kulala chini ya godoro. Desemba 2024 benki moja ilimpa mkopo mdogo wa pembejeo, shilingi 800,000, na hapo ndipo nilipoona faida ya kuuliza maswali: alikataa marejesho ya kila mwezi, akaomba tarehe ya kulipa iwe baada ya mavuno. Wakakubali. Mwaka huu mwezi wa Julai alilipa siku tisa kabla ya tarehe. Alilipa mpunga ukiwa bado bei ya chini, ndiyo, na majirani walimwambia angesubiri bei ipande. Kwa hesabu ya gunia alipoteza. Kwa hesabu ya jina alipata. Ombi la pawatila sasa lipo mezani kwao, jibu bado halijatoka. Tusali.

Niseme kidogo na habari za wenzetu wa Kenya, kwa sababu wao walitutangulia katika mikopo ya simu, M-Shwari ilianza kule mwaka 2012, na pia walitutangulia katika maumivu yake. Majina ya watu yalichafuka kwa mamilioni kwa vijideni vidogo. Mwezi wa Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya iliagiza kwamba mtu asiorodheshwe kwa deni lisilofika shilingi 1,000 za Kenya. Novemba 2022 wakafanya kubwa zaidi: mabenki yalitakiwa kupunguza angalau nusu ya madeni ya simu ya muda mfupi yaliyoshindikana, na mdaiwa akapewa hadi mwisho wa Mei 2023 kulipa kilichobaki, ili jina lisisomeke tena kuwa la mdaiwa sugu. Waliohusika walitajwa kuwa zaidi ya watu milioni 4.2. Serikali yetu ikifanya hivyo siku moja tutashukuru. Lakini hata kule aliyesamehewa nusu alitakiwa kulipa nusu, na kwa jina lake mwenyewe.

Sasa tahadhari. Jina la mtu likishachafuka, nzi wanakuja. Kuna wanaotuma ujumbe kwamba watakufutia jina kwa 30,000. Hakuna mtu wa mtaani anayeweza kufungua kanzidata ya Benki Kuu akafuta jina. Huyo ni tapeli, mwache. Na kuna zile programu za kwenye simu zinazokupa mkopo kwa dakika mbili, halafu ukichelewa wanawatumia ujumbe watu wote waliomo kwenye simu yako, mpaka mchungaji na mwalimu wa mtoto. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya kukopesha ambayo hayana leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila mkopeshaji wa namna hiyo awe na leseni, na wale wa daraja la pili waliwekewa kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa hiyo kabla mumeo hajabonyeza, muulize swali moja: hawa wana leseni? Na mtu wa kausha damu anayekuja na daftari lake akitaka kadi yako ya benki na namba ya siri kama rehani, hata kama uso wake unaujua tangu utoto, jibu ni hapana.

Nyumba pia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema nyumba ya ndoa haiwekwi rehani wala haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Mume akija na karatasi usiku akasema, "Weka saini hapa, ni jambo dogo," mwambie asubuhi tutaisoma wote kwenye mwanga. Kusoma karatasi si kumkosea heshima mume. Mume mwenye nia njema atakushukuru, na mimi nimemshukuru wangu kwa kuleta karatasi zake zote mezani, hata zile zilizomuumiza.

Kuna jambo moja bado linanikera, na viongozi wamo humu, wacha niliseme. Sisi wanawake tumefunga na kufungua kisanduku hiki kwa miaka 10. Wapo humu waliokopa mara ishirini na kurudisha mara ishirini bila kuchelewa hata wiki moja. Lakini kisanduku chetu hakipeleki taarifa popote. Mama huyo akienda benki leo, kompyuta itasema haimjui. Mume wake aliyeshindwa kulipa anajulikana. Yeye asiyeshindwa hajulikani! Tumesajiliwa halmashauri kama sheria inavyotaka, tuna akaunti ya kikundi, na naomba mwaka wetu wa kumi na moja uwe mwaka wa kutafuta benki itakayokubali kusoma vitabu vyetu. Kwa wakati huu, kila mwanachama ajifungulie akaunti yake mwenyewe, kwa jina lake, apitishe humo japo fedha za vitunguu.

Akina baba, nimewasema sana leo, na chakula kinanukia. Baada ya kula mimi na Katibu tutakaa pale chini ya mwembe na daftari na kalamu. Anayetaka kupiga *106# aje na kitambulisho chake, anayetaka kuandikiwa barua ya kuomba taarifa yake ya mikopo aje na namba ya NIDA. Mume aje na mke, mke aje na mume. Anayeona aibu aje jioni nyumbani kwetu. Mlango wa nyuma upo wazi, na baba watoto amesema atakuwepo kueleza alivyofanya.